Majina Tisa Niliyoyasahau kwa Makusudi

Vijana wangu wa kitalu, kiti cha plastiki mlichonipa siku ya kuniaga ndicho ninachokalia sasa. Keki ilikuwa tamu. Aliyeandika juu yake aliliandika jina langu vibaya, na mimi nikanyamaza, kwa sababu siku ile ilinibidi niwe mtu asiyejua hata jina lake linaandikwaje.

Mliniaga kwa huruma. Letaru alinishika mkono akasema polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, "Dede, mimi ni Letaru." Dede ni bibi kwa Kilugbara, na nyote mliniita hivyo. Nikamjibu, "Asante sana, Stella." Akageuka akafuta macho. Letaru, nisamehe. Nalijua jina lako, na la mama yako Jeni, na la shangazi yako Florensi aliyekuleta siku ya kwanza ukiwa na viatu vya shule kwenye tope. Sijasahau hata mmoja wenu. Niliwadanganya miaka miwili. Naandika ili mjue sababu, na kwa sababu kuna kazi moja imebaki na inahitaji mmoja wenu.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipandishwa mara moja tu, nikapewa ufunguo wa stoo, na ufunguo wenyewe haukufungua.

Nilianza kazi tuliporudi kutoka uhamishoni Kongo. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Kitalu kilikuwa palepale kilipo leo, hapa Arua, ukingoni mwa mto Oli, ila hakikuwa na ua, na mbuzi wa mtaa mzima walikijua kuliko sisi. Msimamizi alikuwa Mzee Yasini, Mnubi, aliyewahi kuwa mpishi wa jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Wewe mama, iko na mikono?"

"Iko, mzee."

"Basi leta."

Akanijazia udongo viganjani. "Bana." Nikabana. "Fungua." Udongo ukabaki bonge moja kama yai. "Hii iko udongo ya kujenga nyumba," akasema. "Mti itakufa ndani." Akaongeza mchanga, akaongeza samadi iliyooza, tukabana na kufungua mpaka bonge likawa linapasuka lenyewe vipande viwili vitatu. Hicho ndicho kipimo cha udongo wa viriba, vile vifuko vya miche. Mashine ya kuushinda mkono sijaiona, na mliyoletewa mwaka juzi mnajua iko wapi. Kuku wanatagia ndani.

Siku hiyohiyo nilimwona Gerda. Alikuwa Mjerumani kijana aliyekuja kujitolea, mwekundu kwa jua, na buti ambazo zingemtosha askari. Kiswahili alikisoma kwenye kitabu. Alimwendea Mzee Yasini, akainama, akasema, "Shikamoo, mzee." Huku kwetu neno hilo halitumiki. Mzee Yasini akageuka kwangu akauliza kwa sauti, "Huyu iko anaongea na nani? Anaongea kama redio." Gerda alicheka kabla yetu. Tangu hapo nikampenda.

Wakati ule vibao vya majina ya miche havikudumu. Vya mti vililiwa na mchwa, vya karatasi vililiwa na mbuzi. Mzee Yasini akatukataza kuandika. Alikuwa anakusimamisha umeyapa mgongo matuta, halafu anauliza: tuta la nne? Mwarobaini, mzee. La tisa? Mkangazi. Ukikosea unachota maji mtoni, mapipa mawili. Nilichota sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeanza kuwapanda na watu. Nikikutana na mtu mpya nampa tuta lake kichwani, jina lake, la baba yake, na kijiji chake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa sisahau. Watu walidhani ni kipaji. Ulikuwa ni uvivu wa kuchota maji.

"Karatasi inaongea na kila mutu," Mzee Yasini alikuwa anasema. "Kichwa inaongea na mwenyewe tu." Ninyi mliozaliwa baadaye mnaupita mnara wa ukumbusho wa waliouawa na askari pale Ombaci mkizungumzia mpira. Sisi wa umri wangu, mtu akituuliza jina huku ameshika kalamu, tunatazama kwanza mlango uko wapi.

Gerda alikuwa wa malezi mengine. Alinisimulia tukijaza viriba. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mto, na upande wa juu wa mto kulikuwa na kiwanda cha kutia nguo rangi. Jumatatu mto mwekundu, Alhamisi mto wa buluu. Siku moja samaki wakaelea matumbo juu. Gerda alikuwa msichana wa shule. Akaandika barua, akapita nyumba kwa nyumba, kila mtu akaandika jina lake kamili chini, na mtaa, na namba ya nyumba. Barua ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya madiwani. Kiwanda kikaziba bomba lake.

"Na hawakukamatwa?" nikauliza.

"Nani?"

"Walioandika majina."

Akaniangalia kama nimemuuliza iwapo mvua hunyesha kwenda juu. "Draru, kwetu mtu mwenye jina hapotei. Anayepotea ni yule asiyejulikana."

"Huku kwetu ni kinyume," nikasema.

Akaliandika neno hilo kwenye daftari. Aliandika kila kitu. Kuelewa ndiko kulikochelewa.

Alikaa nasi miaka minne, akarudi kwao kuwa mwanasiasa wa chama cha watu wa miti na mito. Barua zake ninazo. Ya kwanza: nimeshindwa uchaguzi. Ya pili: nimeshindwa tena, na mfugaji mmoja wa nguruwe amenipiga yai kichwani. Ya tatu: nimekuwa diwani. Katika picha alikuwa juu ya baiskeli akienda kikaoni. Nikawaonyesha watu wa mtaani kwangu Oli wakakataa. Diwani gani? Diwani wetu hata choo cha jirani anaenda na gari.

Halafu ikaja picha iliyokatwa gazetini. Kwao walitaka kufyeka msitu, Gerda na wenzake wakalala mbele ya matingatinga. Polisi wanne walikuwa wamembeba, wawili mikono, wawili miguu, na yeye anacheka. Mzee Yasini alikuwa mgonjwa tayari. Aliishika picha karibu na macho.

"Hawa iko polisi?"

"Polisi, mzee."

"Wanabeba yeye kama kitanda ya bibi harusi." Akanirudishia picha. "Hiyo nchi itamuharibu. Atasahau polisi ni nini."

Alifariki wiki hiyo. Alikuwa sahihi, lakini ilichukua miaka mingi.

Gerda aliingia bungeni kwao. Alirudi kututembelea akiwa mheshimiwa, nywele zimekuwa nyeupe, buti zilezile. Ulikuwa mwaka ambao miti ilikuwa inaondoka. Ninyi mmeviona visiki, kuanzia njia ya Omugo mpaka kule Koboko: miti mikubwa ya mbao nyekundu, hata miti ya shea, ya kukamulia mafuta, ambayo mama zetu hawakuigusa kwa shoka. Magogo yalikuwa yanapakiwa chini, magunia ya makaa juu, lori linavuka mpaka. Makaa yenyewe, Gerda alisema, kwao yanauzwa kwenye mifuko ya rangi nzuri, watu wachomee nyama Jumapili. Mwenye malori alikuwa mtu mmoja. Watu wanamwita Bwana Mbao. Jina lake la kweli nalijua, na hapa sitaliandika.

Walioyaona yote walikuwa wanawake. Mwanamke anayeokota kuni na mbegu za shea anaujua msitu kuliko ofisi yoyote. Tisa walikubali kumweleza Gerda. Tulikutana nyumbani kwangu Oli, mchana, kila mmoja na kisu chake, tukimenya muhogo, ili anayepita aone kina mama wanamenya muhogo. Walieleza siku, njia, rangi ya malori, nani alifungua kizuizi. Gerda akatoa daftari.

Visu tisa vikasimama.

"Gerda," nikasema, "rudisha hiyo begini."

"Nitakumbukaje?"

"Mimi nitakumbuka."

Nikawapanda, tuta kwa tuta, kuanzia aliyekaa karibu na mlango. Hakuna kilichoandikwa. Wanane sitawataja. Wa tisa alikuwa Kiden.

Kiden ni Mkakwa, alikuwa anauza chai kando ya barabara upande wa Koboko. Madereva wa Bwana Mbao walikunywa kwake, na dereva akishiba chai na mandazi anasema mambo ambayo hamwambii mkewe. Kwa Wakakwa, Kiden ni jina la msichana aliyefuata wavulana, na barabara ile ina Kiden kama ilivyo na mawe. Tena barabarani hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Lona, kwa jina la binti yake. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mama yake, na padri, na mimi.

Miezi ikapita. Siku moja Gerda akapiga simu kutoka kwao, sauti ya haraka. Kesho yake alikuwa anasimama bungeni kuomba makaa na mbao hizo zikataliwe mipakani.

"Draru, wataniuliza ushahidi. Nikisema 'wanawake wa Uganda' watasinzia. Nipe jina moja. Moja tu, waone kuwa ni mtu."

Nilikuwa nachekecha udongo. Nakumbuka chekecheke lilikuwa mkono wa kushoto. Ningeweza kusema hapana. Lakini niwaambie ukweli: nilijivuna. Miaka yote ile nilikuwa mwanamke wa kumwagilia, na sasa bunge la huko Ulaya lilikuwa linangoja jina kutoka kichwani mwangu. Nikasema, "Kiden, wa Koboko. Anauza chai." Nilitaja jina la kuzaliwa kwa sababu ndivyo mtu anavyotajwa kwa heshima mbele ya wakubwa. Huwezi kusimama bungeni ukasema Mama Lona.

Baada ya siku chache akapiga tena, anacheka na kulia. Wamekubali. Wanunuzi wameanza kurudisha mizigo. "Na nilimshukuru Kiden mbele ya wote, na wenzake wanane. Kila neno limeandikwa. Kwetu kila neno la bungeni linaandikwa, linawekwa kwenye mtandao, mtu yeyote duniani anaweza kulisoma."

Chai ilikuwa mkononi, nikaiweka chini isimwagike.

"Hata Bwana Mbao?"

Halafu akasema, "Draru, imeandikwa kwa Kijerumani."

"Jina ni la Kikakwa, Gerda."



Asubuhi nilipanda boda na miche kumi na miwili ya mipapai kwenye ndoo, ili niwe na sababu. Njia nzima mpaka Koboko nilikuwa nasema moyoni, Bwana Mbao asijue, asijue. Kila lori lililotupita nilikaza macho nisione dereva anatazama wapi. Kiden alikuwa anakanda unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mimi iko bungeni Ulaya?"

"Uko."

"Na nimevaa nini?"

Nikataka kumpiga. Yeye akacheka, halafu nikaona mikono yake imesimama ndani ya unga, haitoki.

"Lona yuko shule," akasema. "Akirudi tunaondoka. Leo."

Hatukupata kusema zaidi. Pikipiki ilisimama. Akashuka mwanamume wa makamo, shati safi, akavua kofia kabla ya kuingia kibandani. Nilimjua. Ni Ondoma, mtoto wa Mariamu wa Oli. Siku ya mazishi ya bibi yake nilimbeba mgongoni tangu kanisani mpaka kaburini. Nilikuwa nimesikia amepata kazi kwa Bwana Mbao, na nilikuwa nimesikia ni kazi gani.

"Mama Draru! Nimetoka kitaluni Arua kukutafuta. Wakaniambia umeleta miche Koboko."

Aliyemwambia simlaumu. Mteja akiuliza, anajibiwa.

Akaketi mbele yangu. Akaagiza chai, maziwa mengi. Kiden akamwekea. Kisha Ondoma akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza na kuilainisha kwa kiganja. Maneno yote yalikuwa ya Kijerumani. Moja lilikuwa limezungushiwa kalamu nyekundu.

"Mama, mimi Kijerumani sijui. Ila jina hili nalisoma. Kiden, Koboko, chai. Leo nimekunywa chai ya Kiden watano, tumbo limejaa. Wote wanalia, wanasema si wao. Nikasema, kwa nini niwatese watu? Mama Draru yupo. Mama Draru hajawahi kusahau jina."

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Kiden alikuwa nyuma yake na birika, mvuke unamfunika uso.

Mungu ndiye aliyenipa, maana mimi sikuwa na kitu. Nikamtabasamia Ondoma nikasema, "Daudi! Mguu umepona?"

Akakunja uso. "Mama, mimi si Daudi."

"Daudi wa katekista. Mwanangu, umekonda."

"Mimi Ondoma. Wa Mariamu."

"Mariamu yupi?"

Kulisema hilo kuliniuma. Mariamu alinipa kitenge chake cha harusi tulipokuwa uhamishoni, nimfunikie mtoto. Ondoma akanitazama sana. Macho yake yalikuwa yanapima, kama Mzee Yasini alivyokuwa anapima udongo. Akanyoosha kidole bila kugeuka.

"Na huyu anayetuletea chai ni nani?"

Nikamtazama Kiden. Tuta la tisa, mwisho wa mstari. Nikasema, "Huyu Poni wangu. Poni, njoo umsalimie Daudi."

"Ee, mama," Kiden akasema, akaja na birika. Akamwinamia Ondoma kama mtu anayetoa siri. "Afande, mvumilie tu. Huyu mzee kila akija ananipa jina mupya. Wiki ile nilikuwa Esta. Nikimkatalia analia, na chai halipi."

Dereva mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akasema, "Mama Lona, hata mimi aliniita padri," na mimi sikuwahi kumwona mtu yule maishani mwangu. Alitaka tu kuchekesha. Mungu ambariki popote alipo.

Ondoma hakucheka. Akatoa kalamu. "Sawa, mama. Hao wengine wanane, wa Mama Gerda, unawakumbuka?"

"Nawakumbuka wote," nikasema, na nikaona mkono wa Kiden unashika ukingo wa meza. Nikaanza. Tereza Candiru. Ana Maturu. Konsolata wa njia ya mtoni. Roza mke wa fundi saa. Ondoma anaandika. Yunia Avako. Felista. Agneta mwenye goita. Wote niliwaosha au nilikaa matangani kwao. Niliwaamsha wafu saba siku ile, na niliwaomba msamaha mmoja mmoja baadaye. Wa nane nikasema, "Na Yasini."

Kalamu ikasimama. "Yasini? Mwanamke?"

"Wote wanawake, Daudi. Yasini ndiye aliyekuwa analeta kisu kikubwa."

Aliitazama ile karatasi. Akaikunja polepole, akanywa chai yake yote, akasimama. Akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito, na ulikaa pale muda mrefu kuliko salamu.

"Uzee ni mbaya, mama," akasema. "Nitakuwa nakuja kukusalimia. Nione unaendeleaje."

Kiden na Lona waliondoka jioni hiyo na gunia moja. Wako mbali, mahali ambapo daftari hili halitafika, na pale penye kibanda sasa kuna mtu mwingine asiyejua lolote. Msimsumbue.

Ondoma alitimiza ahadi. Mnamjua. Ni yule mteja mpole anayenunua mivule na hazungumzii bei, anayekaa kwenye benchi karibu na bomba. Mnampenda, mna namba yake kwenye simu zenu. Alikuwa anakuja kunitazama mimi. Mtu hawezi kusahau Jumanne peke yake, siku anapokuja mgeni, Jumatano akumbuke. Mmoja wenu angesema tu, kwa nia njema, "Dede leo yuko sawa kabisa." Kwa hiyo nikasahau kila siku. Niliwaita kwa majina ya watoto wangu. Kanisani nilimwita mchungaji kwa jina la mchungaji aliyehama. Nilimuuzia mama mmoja misaji nikamwambia ni mikangazi, na usiku ule sikula. Letaru alikuwa anabaki nyuma yangu anarekebisha vibao kimyakimya ili nisifukuzwe. Nilimwona kila mara. Kila mara nilitaka kumwambia, na kila mara nilitazama benchi.

Uoga wa namna hii haufanani na wa vita. Wa vita unakimbia nao. Huu unakaa nao mezani, unauwekea chai.

Gerda nilimweleza yote. Alikwenda kwa wakubwa wa bunge lao kuomba jina la Kiden lifutwe. Wakamwambia kwa adabu kwamba kilichoandikwa pale hakifutwi, ndiyo heshima ya kitabu chenyewe. Akasimama katika ukumbi uleule akasema amekosa, bila kusema zaidi. Uchaguzi uliofuata hakugombea. Sasa anaishi karibu na mto wake, samaki wamerudi, magoti yamechoka. Malori ya Bwana Mbao yamepungua, na hilo ni jasho lake, msilisahau mkimsema. Lakini hayajaisha. Na Bwana Mbao bado anauliza nani walikuwa wale wanane.

Sasa kazi iliyobaki.

Wale wanane wako hapa hapa, wanaokota kuni, wanapeleka watoto shule. Wenyewe hawajuani kwa majina. Kila mmoja alikuja kwangu kwa njia yake, na tangu siku ile ya muhogo nimewakataza kusalimiana sokoni. Nikisikia Ondoma amepata jina, au nusu ya jina, mimi ndiye niliye na nyumba nane za kupiga hodi kabla yake. Hakuna mwingine. Gerda mwenyewe aliwaona mchana mmoja tu.

Kila alfajiri ninatembea matuta kichwani. La kwanza, la pili, mpaka la nane. Ilikuwa hainichukui muda wa kuchemsha maji. Mwezi uliopita nilifika tuta la sita nikamkuta mwanamke, nikaona kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wake, nikasikia anavyocheka kwa pua. Jina halikuwepo. Nilikaa na karanga mapajani bila kuzibangua. Jina lilirudi mchana. Nikajiambia ni usingizi.

Halikuwa jambo la usingizi. Miaka miwili niliigiza ugonjwa, na sasa ugonjwa wenyewe umekuja, umekuta mlango wazi. Ningewaambia kwa mdomo, lakini Ondoma bado anapenda lile benchi. Kwa hiyo nitaliweka daftari hili ndani ya gunia la mbegu za mwarobaini litakaloletwa kitaluni. Mkishalisoma lichomeni. Jivu wekeni kwenye nyanya.

Mmoja wenu aje Oli. Sitaki kusema nani, na wengine msiulizane. Aje mchana na muhogo na kisu, kama mtu aliyekuja kumsaidia bibi mgonjwa. Simu aiache nyumbani, kalamu pia. Nitamfundisha kama nilivyofundishwa: atayapa matuta mgongo, nitauliza, atajibu. Akikosea hatachota maji, ataanza upya. Akishawajua wanane, na njia za kufika kwao ambazo hazipiti sokoni, mimi nitaweza kusahau kwa haki.

Lakini aje upesi. Jana wa sita alirudi saa nane mchana. Leo nimeandika tangu asubuhi, jua linashuka, na bado namngoja.